Kavu ya Kitovu

Muuguzi aliponikabidhi mwanangu, nilimgeuzageuza kama ninavyogeuza viatu vya mitumba kabla sijatoa bei. Viungo vilitimia. Hali ya mzigo wenyewe, nisidanganye, ilinitia kinyaa. Utando mweupe ulikuwa umemganda kwenye mikunjo ya shingo. Choo chake cha kwanza kilikuwa cheusi, kinanata kuliko lami. Kibaya zaidi kilikuwa kile kipande cha kitovu, kimebanwa na kibanio cha plastiki, kinaning'inia tumboni kama kitu ambacho mwenye bucha alisahau kukikata.

"Kitovu weka kavu tu," muuguzi alituambia tukitoka, kwa Kiswahili cha Tororo, upande wa Uganda, kisicho na urembo. "Weka kavu mpaka ianguke."

Mimi nimekulia Busia, upande wa Kenya. Nilielewa kwamba kitovu kisilowe. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kijijini kwake Iyolwa kuja kunishika mkono wiki zile za kwanza, na Kiswahili chake ni cha kununulia sabuni. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka jambo akilini. "Ndiyo. Kavu."

Nikaongeza kwamba maji yasikiguse, nikadhani tumeelewana.

Siku chache baadaye nililala mchana, naye akabaki na mtoto, ambaye tangu turudi alikuwa akimfuta na kumvisha yeye. Kilichoniamsha ni harufu. Haikuwa ya choo wala ya maziwa yaliyochacha, hizo nilishazizoea mpaka kwenye nywele zangu. Hii ilikuwa tamu kidogo, kama panya aliyefia nyuma ya kabati. Nilifungua shuka la mtoto. Kitovu hakikuonekana. Palikuwa na uji wa kijivu, mbichi, wenye nyuzinyuzi ndani.

"Mama, hii ni nini?"

"Kavu."

"Kavu gani?"

"Si ile musawo wa hospitali alisema weka?" Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Juzi nimezunguka soko yote. Wauza unga hapana, wa chumvi hapana. Yule mzee wa mizizi ndiye alikuwa nayo. Nilimuuliza, uko na kavu ya kitovu? Akasema iko, aina mbili."

Mfanyabiashara mwenzangu huyo, nilimheshimu kwa muda mfupi sana.

"Ukachukua ipi?"

"Ile nzuri. Ile ya jivu na mavi ya mbuzi, amesaga laini."

"Na mbona imelowa?"

"Haikushika, ilikuwa namwagika. Na wewe ulikataza maji." Alijipigapiga kifuani kwa fahari. "Nilitia mate."

Nilikimbilia nje nikatapika kando ya kamba ya nguo. Niliporudi nilianza kumfuta mtoto kwa maji ya moto yaliyopoa, nikageuza uso kila nilipokamua kitambaa. Chini ya uchafu ule ngozi ilikuwa nyekundu kuzunguka kitovu chote, inavuja usaha wa manjano. Nikampa ziwa. Akaligeuzia uso. Nikampa la pili, akalia kilio chembamba bila nguvu, na hapo ndipo nilipoacha kufikiria mate ya mtu nikaanza kufikiria kaburi dogo. Mtoto wa umri ule akigoma kunyonya, hana akiba ya kumsubirisha.

Tulipanda bodaboda moja wote. Mama mkwe alikaa nyuma yangu, amenishika kiuno.

Muuguzi alifungua shuka akakunja pua. "Nani ameweka hii kitu?"

"Wewe," mama mkwe alisema.

"Mimi?"

"Ulisema weka kavu. Nimeweka."

Muuguzi aliniangalia mimi, nikaangalia ukuta. "Mama, kavu si dawa! Kavu ni kusema haina maji."

"Basi sema usiweke! Wewe nasema weka, weka, halafu ukiwekewa unauliza nani."

Sikutaka kumtetea mama mkwe hata kidogo, lakini hapo hapakuwa na neno la kupunguza. Muuguzi alimsafisha mtoto, akamchoma sindano, akatulaza wodini kwa sababu mwili ulikuwa wa moto.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumrudisha mama mkwe Iyolwa. Akanitangulia. "Kama unataka, mimi nakwenda," alisema akitazama miguu yake.

"Nani atafua nepi hizi, Mama? Baki. Ila kitovu, mkono wako usifike."

"Pua je?"

"Pua ruhusa."

Basi kila alipoamka Mama mkwe aliinama, akaingiza pua mpaka karibu iguse tumbo, akavuta hewa kama anachagua samaki. "Bado," anasema. Kesho yake, "Bado." Kisha asubuhi moja, baada ya sindano kadhaa, alivuta mara tatu, akainuka. "Nanuka mtoto tu."

Nikampa ziwa. Mtoto alilikamata kwa pupa hata nikaruka, akanyonya hadi akanitapikia mgando mchachu shingoni, akaendelea kunyonya.

Kitovu kilidondoka tukiwa tumesharudi nyumbani. Kilikuwa kimesinyaa, cheusi, mfano wa kipande cha ngozi kilichobaki kwa fundi viatu. Mama mkwe alikiokota kwa vidole vitupu, akakifunga kwenye ncha ya leso, pale pale anapofunga hela zake, ili akakizike Iyolwa kama inavyotakiwa. Halafu akanyoosha mikono ampokee mtoto.

"Kanawe kwanza, Mama. Kwa sabuni."

Alikwenda, akininung'unikia kwa lugha yake ya Kidhopadhola, na nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni kwa muda mrefu kweli.