Somo Alirudi Kunifuta Poda

Usiku ule nililala na chetezo miguuni pa kitanda, makaa yakiwa tayari, udi umeshakatwa vipande, kiberiti pembeni. Juu ya kiti nilikuwa nimekunja gauni langu la kijani la sikukuu, na juu ya gauni nimeweka kopo la poda na kichupa cha manukato. Mtu angeingia angedhani asubuhi kuna harusi. Hakuingia mtu, maana nyumbani kwangu siku hizi hapaingii mtu baada ya magharibi. Mume alihamia Korogwe kwa mke mdogo, miaka mingi sasa, na Saumu, mwanangu wa pekee, ameolewa Mwanza. Nilikuwa najiandaa peke yangu kwenda hospitali kupimwa matiti kwa mashine.

Mamogramu ndilo jina walilolitaja. Nina wajukuu wawili, na sikuwahi kukisikia kipimo hicho mpaka muuguzi wa kliniki ya presha aliponiuliza kama nimeshapimwa. Nikasema sijapimwa, sina uvimbe, siumwi. Akasema huo ndio wakati wenyewe, kabla mtu hajaona kitu. Akaniuliza habari za siku zangu, nikamwambia bado zinakuja, japo zikitaka zenyewe. Akanipangia tarehe ya baada ya kumaliza, kwa kuwa wakati huo titi haliumi sana likiguswa. Akaeleza na mengine mengi, akanipa karatasi. Mimi tangu aliposema titi huwekwa kati ya mabamba mawili likabanwa, masikio yaliziba. Karatasi niliikunja mara nne nikaitia kwenye pochi bila kuisoma. Tarehe ile ikafika, sikwenda. Nilijisingizia mafua. Hii ya kesho ilikuwa tarehe ya pili, na nisiseme uongo, nilishaanza kukohoa.

Jioni Saumu alikuwa amepiga simu. "Mama, mbona sauti imepoa?" Nikamwambia sina neno, nimechoka tu na foronya, maana nashona foronya na mashuka hapa hapa nyumbani, Tanga. Ningemwambia nini? Kwetu mama hazungumzi na mwanawe habari za mwili. Msichana akivunja ungo hutafutiwa mwanamke mwingine, somo, amfunde, na mama hukaa uani akijifanya hajui kinachosemwa chumbani. Saumu alifundwa na mwanamke wa mtaa wa pili. Hata titi lilipomvimba akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza, alimpigia somo yake, hakunipigia mimi. Habari niliipata baada ya miezi, kwa watu. Basi nilimwambia sina neno, tukaagana, nikabaki nimeishika simu muda mrefu bila sababu.

Na mimi nilikuwa na somo yangu, Bi Mwanahawa, Mungu amrehemu. Alinifunda siku saba chumbani kwake, akanifundisha kujitunza, kukaa, kusema na kunyamaza. Zaidi ya yote alinifundisha kutoka. Mwanamke hatoki kwenda kuonwa na watu wa mbali hivi hivi. Ataoga, atapaka poda kwapani na chini ya matiti, atafukiza nguo kwa udi, watu wamkute ananukia. Uzeeni mwake alizidisha udi. Asubuhi chetezo, mchana chetezo, jioni chetezo. Tulimtania kwamba anatafuta mchumba, naye alicheka pamoja nasi. Siku ya kumwosha ndipo tulipojua udi ule ulikuwa ukifunika nini. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Chini ya titi la kushoto palikuwa na kidonda cha siku nyingi, naye alikuwa amekijaza poda.

Sijamsimulia mtu jambo hilo. Nilizima taa nikalala.

Usingizi ulivyonichukua sikumbuki. Nakumbuka nimo chumbani mwa Somo, kile chumba cha siku saba, na ni mchana. Jua linapita kwenye matundu ya dirisha na kuangukia mkeka ule ule wa zambarau na nyeupe. Nina miaka kumi na mitatu, na papo hapo nina umri huu nilionao, na hilo halinishangazi. Somo amekaa amenyoosha miguu, amevaa kanga aliyozoea kushindia, ananitazama.

"Shikamoo, Somo," nikasema.

Alikuwa akininusa.

"Wanukia," akasema.

Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wenzake. "Nimefanya kama ulivyonifundisha."

"Ndiyo maana nimekuja."

Hapo nikagundua kwamba yeye hanukii kitu. Huyu ni mtu ambaye ungejua yumo ndani kabla hujabisha hodi, kwa udi tu, naye amekaa mbele yangu hana hata harufu ya sabuni. Ndipo nilipokumbuka kuwa amekufa. Sikuogopa. Nilihuzunika, basi, kwa jinsi chumba kilivyokuwa kitupu na yeye yumo ndani.

Ananivuta karibu, anaifungua kanga yangu kifuani, bila haraka na bila aibu, kama zamani. Pembeni yake kuna bakuli la maji na kitambaa. Anaanza kunifuta. Anafuta kwapani, anafuta chini ya titi, anakamua kitambaa na maji yanageuka meupe. Anafuta tena. Poda haiishi. Nashangaa nilipaka lini poda yote hii, na najua jibu, nimeipaka tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu.

"Somo, kwani poda ina kosa gani?"

"Mashine haibagui poda na ugonjwa," akasema. "Kwake vyote ni vyeupe."

Anakitwaa kichupa cha manukato, anakaza kifuniko, anakisukuma mbali. Anaufungua mkufu wangu shingoni na kuuweka kwenye kiganja changu. Halafu analiona gauni la kijani, sijui limefikaje kwenye kile chumba, analiinua kwa vidole viwili na kutikisa kichwa. Nimemwelewa kabla hajasema. Gauni refu nitalivua lote, nibaki natetemeka mbele ya mtu nisiyemjua. Blauzi na sketi, ndivyo inavyotakiwa, nivue juu tu.

Ukuta wa chumba haukuwepo tena, na mkeka umekuwa sakafu ya saruji. Tunatembea kwenye ukumbi mrefu wa hospitali. Kuna benchi, na wamekaa wanawake kila mmoja ameacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Wote wana karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuna anayesema na mwenzake. Natamani kukaa kwenye mojawapo ya nafasi zile, lakini Somo ananishika mkono tunapita.

Tunaingia chumba cha mwisho. Nimejikaza nione hiyo mashine, na mashine haimo. Ni mimi na Somo na viganja vyake viwili.

"Simama hapa. Sogea. Sogea tena, mbona wakimbia?"

Kiganja kimoja anakiweka chini ya titi langu, kingine juu. Ni baridi, viganja vyote viwili. Anabana. Anabana zaidi, mpaka titi linakuwa bapa kama andazi lililokaliwa, na mimi najiona nikilitazama kwa mshangao. Inauma, sitasema haiumi.

"Usipumue," akasema, na kwa mguu akagonga sakafu, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaachia.

Akalishika tena kwa ubavuni, akabana, akagonga sakafu, akaachia. Kisha titi la pili, juu na chini, halafu ubavuni. Nikasubiri yanayofuata. Akarudi nyuma akaifunga kanga yangu kifuani, akaikaza vizuri.

"Ndiyo hiyo?" nikamwuliza.

"Ndiyo hiyo."

Hasira ikanipanda, hasira kweli. Ndiyo hiyo tu! Mwezi mzima sijala vizuri, nimedanganya mafua, nimemdanganya mwanangu, kwa ajili ya kubanwa muda wa kugonga mguu mara tano. Na hasira yangu ikamgeukia yeye, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Kama ni hivi, wewe mbona hukwenda?"

Mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya titi la kushoto, mahali pale, ukatulia.

"Sikuogopa kuumia, mwari wangu. Niliogopa kuulizwa, tangu lini?"

Nililia. Nalia ndani ya ndoto, na machozi nayasikia masikioni kama mtu aliyelala chali. Nataka kumwambia tulikutania, Somo, utusamehe, tulikutania na mchumba nawe unaoza. Yeye ananifuta uso kwa kitambaa kile kile cha poda.

"Wakikuita tena baada ya picha, rudi," akasema. "Kuitwa tena bado si kuambiwa unaumwa. Wewe rudi tu."

Nikaukamata mkono wake kwa mikono yangu miwili. Nilikumbuka siku ya saba, siku ya kutolewa, alivyoniongoza nje nimeinamisha kichwa, na jinsi nilivyojiona siwezi kuanguka maadamu mkono wake umenishika.

"Nitoe na kesho," nikamwambia. "Twende wote. Ukae benchi tu, usiseme kitu."

"Tafuta mkono ulio hai."

"Nina nani mimi, Somo?"

Amegeuka, anatazama mlango. Ni mlango wa chumba cha siku saba tena, na nje ni uani. Kuna mwanamke amekaa kwenye kibao, ametugeuzia mgongo, anachagua mchele. Namjua. Ni mama yangu, alivyokaa siku zile akijifanya hasikii. Namwita. Anageuka, na si mama yangu. Ni mimi, na ungo wa mchele mapajani. Na sauti inayolia ndani ya chumba, nyuma ya huo mlango, ni ya Saumu, mwanangu.

"Nilikufunda nusu," Somo akasema nyuma yangu. "Na wewe umemwachia mwanao nusu hiyo hiyo. Mlango haujafungwa. Ingia."

Niligeuka nimwulize naingiaje, mama anaingiaje pale, na hakuwapo.

Niliamka adhana ya alfajiri inakwisha. Masikio yalikuwa yameloa. Chetezo kilikuwa pale pale miguuni, makaa meusi, hakijawashwa. Nilikaa kitandani nikamsubiri, ni upuuzi, najua, lakini nilimsubiri kidogo. Chumba kilikuwa na harufu yangu peke yangu. Sijui kama nimewahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa dakika zile, maana mtu alikuwa ameshika mkono wangu muda si mrefu uliopita.

Nikawasha taa nikaitafuta karatasi ya muuguzi. Niliikunjua mikunjo yote minne. Siku ya kipimo usipake poda, mafuta, manukato wala dawa ya kwapa. Vaa nguo ya vipande viwili. Vua mikufu. Yalikuwa yameandikwa. Huenda muuguzi aliyasema na mimi niliyasikia nikidhani sisikii. Anayetaka kusema hivyo aseme. Mimi ninajua nani alinifuta.

Nilioga kwa maji na sabuni, nikajifuta, nikasimama mbele ya kioo bila kitu mwilini. Mkono ulilifuata kopo la poda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, nikaurudisha. Nilijisikia uchi hata baada ya kuvaa blauzi na sketi. Mkufu nikauacha mezani. Nikachukua pochi, nikafika mlangoni, na pale mlangoni miguu ikagoma. Koo likaanza kuniwasha. Nikakohoa. Nikakohoa tena, na nikajichukia.

Ndipo nikatoa simu nikampigia Saumu.

Alipokea upesi, sauti ya usingizi na hofu. "Mama! Kuna nini saa hizi? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Jana nilikudanganya. Nakwenda hospitali kupimwa matiti, na ninaogopa."

Aibu ilinipanda usoni, nikakaribia kukata simu. Nilisikia mlango wa kwake ukifungwa taratibu, pengine ametoka asimwamshe mumewe.

"Unaumwa, Mama?"

"Siumwi. Ni kipimo cha kabla ya kuumwa. Nawe umri ukifika utatakiwa ukapimwe."

"Somo yangu hakunieleza hicho."

"Na mimi somo yangu hakunieleza. Amenieleza leo."

Hakuniuliza leo vipi. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema, "Usikate simu basi. Tembea huku unaniambia. Nitakuwa nawe mpaka wakuite ndani."

Nikafungua mlango. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikatoka sinukii kitu, simu sikioni, na nilipofika barabarani nikamwambia, "Sikiliza, mwanangu, nikufunde. Kwanza kabisa, siku hiyo usipake poda."