Mlango Alioupima Mwenyewe

Ofisini walimwita Kipimo, na jina lilimkaa vizuri maana hakuwa na kazi nyingine. Wenzake walijenga tovuti. Yeye alizipiga mpaka ziyumbe, kabla wateja hawajaja kuziangusha. Kompyuta yake ilijifanya watu elfu tano, wote wakibisha hodi kwa mkupuo kwenye seva, ile mashine inayobeba tovuti, naye akikaa pembeni na chai iliyopoa, akitazama nani kafunguliwa na nani kafukuzwa. Ni kazi ya kuchukiwa. Ukilikuta kosa umemharibia mtu wiki yake. Usipolikuta wanasema unalipwa kwa kukaa.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja na dada mmoja. Mkewe alifariki binti akiwa hajajua kufunga kamba za viatu, na dada yake mkubwa akahamia na sanduku lake akisema ni kwa muda tu, muda ambao haujaisha mpaka leo. Binti alitaka uuguzi. Tangu utotoni alikuwa akiifunga bandeji miguu ya viti, na viti vikipona anavivunja tena. Mwaka huo alifaulu vizuri, na ofisi ya Kipimo ndiyo iliyopewa kujenga tovuti ya kuombea nafasi za vyuo. Za uuguzi zilikuwa chache, na aliyewahi ndiye aliyepata. Mtu angeweza kuomba kwenye tovuti, au akapange foleni kwenye dirisha la chuo chenyewe. Nafasi ni zilezile.

"Siku ya ufunguzi mimi nitampeleka dirishani alfajiri," alisema dada.

"Dada, huo ni ushamba. Asubuhi atashika simu, abonyeze, amalize, anywe chai yake."

"Na ikigoma?"

"Igome vipi? Mlango huo naupima mwenyewe."

Dada akaguna. Binti akamwamini baba yake, na kwa nini asimwamini?

Sasa tazama alivyoupima. Jaribio la kwanza lilikuwa limemwaibisha. Hitilafu za muunganisho zilimiminika kwenye kioo, naye akakimbilia kikaoni kutangaza mbele ya mkuu wa ofisi kwamba seva ni mbovu. Fundi wa seva, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, akachunguza kutwa nzima, akarudi na jibu: seva ni nzima, iliyozidiwa ni kompyuta ya Kipimo. Kila mgeni wa kubuni lazima atokee kwenye mlango wake wenye namba, na mlango ukishatumika haufai tena mpaka upumzike kidogo. Milango ilimwishia, wageni wakakwama humohumo kwake, hata njiani hawakufika. Kikao kizima kilicheka. Tangu hapo, mtu akikosa kalamu pale ofisini husema, "Milango imeniishia."

Kipimo alicheka nao, lakini kicheko kile hakukisahau. Akairekebisha kompyuta yake, akaiongezea milango, akangoja.

Wiki ya mwisho akapima tena, na hitilafu zikarudi. Safari hii hazikumiminika. Zilikuja pale tu wageni walipofika wote kwa pamoja, kisha zikatulia. Kioo kiliandika: muunganisho umekataliwa. Seva ina kibaraza chake, ambapo wanaobisha hodi hungoja zamu ya kufunguliwa. Kikijaa, anayefuata hurudishwa. Mtu mwenye utulivu angejiuliza kibaraza kile kinachukua wangapi, na swali lenyewe lilikuwa la fundi kulijibu kwa kufungua ukurasa mmoja. Kipimo akainuka kwenda kumwuliza. Alipofika katikati ya ukumbi akamkuta fundi amesimama na mkuu, wanacheka mambo yao.

"Vipi kaka," fundi akamwambia, "milango?"

"Aa, wapi. Naenda kuchukua chai."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akarudi kitini na chai asiyoitaka, akajiambia ni kompyuta yake tena, bila shaka ni kompyuta yake. Ili kuipunguzia mzigo, akabadilisha jambo moja kwenye jaribio: wageni wasifike wote pamoja, waje wachache wachache, mmoja akimpisha mwenzake. Hitilafu zikatoweka zote. Akaandika kwenye ripoti kwamba mlangoni hakuna tatizo, na mkuu akampiga begani.

Inanikera hata kusimulia. Ni binadamu gani huyo, aliyekesha mwaka mzima akisubiri nafasi ya chuo, anayefika mlangoni akasema tangulia wewe?

Asubuhi ya ufunguzi walifika kama wanavyofika watu, wote, kwa viwiko. Simu ya Kipimo ikalia.

"Baba, inasema muunganisho umekataliwa."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu."

"Endelea tu kujaribu, mwanangu, usichoke."

Wazazi wa nchi nzima walikuwa wakiwapa watoto wao ushauri huohuo saa ileile, na kila kujaribu kulikuwa hodi nyingine kwenye kibaraza kilichokwisha kujaa. Ofisini mafundi walikagua nyaya, wakakagua hifadhi ya taarifa, wakawapigia watu wa mtandao na kugombana nao. Walitafuta kila mahali isipokuwa mlangoni, kwa sababu ripoti ya Kipimo ilisema mlangoni hakuna tatizo. Yeye alisimama nyuma yao. Alikuwa anajua. Akangoja mtu mwingine agundue, na hakuna aliyegundua, mpaka simu ikalia tena na akaliona jina la binti.

"Tazama foleni ya mlangoni," akasema.

Fundi akafungua ukurasa. Ilikuwa namba moja ndogo, idadi ya wanaoruhusiwa kungoja kibarazani, iliyokuja na seva siku iliponunuliwa, na hakuna mkono uliowahi kuigusa. Akaikuza, akaiwasha seva upya. Kazi yote ilichukua muda ambao hata maji ya chai yasingechemka. Tovuti ikafunguka, watu wakaanza kuingia, na fundi akageuka kumtazama Kipimo. Hakucheka.

"Uliiona hii?"

"Niliona kitu."

"Mbona hukuniambia, kaka?"

Kipimo akakitazama kioo. Aseme aliogopa kuchekwa, mtu mzima mwenye ndevu?

Binti alipofanikiwa kuingia, kwenye uuguzi palikuwa pameandikwa: nafasi zimejaa. Zilikwisha dirishani, kwa wale waliosimama foleni tangu alfajiri na shangazi zao.

Jioni Kipimo alimkuta binti mezani, simu imelala kifudifudi mbele yake. Dada alikuwa jikoni akigonganisha sufuria ambazo hazikuhitaji kugonganishwa.

"Mganga hajigangi," alisema kutoka huko.

Kipimo akamweleza binti yote, kibaraza, wageni wa kubuni, hata kile kicheko. Alidhani ukweli utamsaidia.

"Nilidhani ni kompyuta yangu," akamalizia.

"Ulidhani, baba, au ulitaka iwe hivyo?"

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama muuguzi anayemwuliza mgonjwa panapouma, kisha akaenda kulala bila kungoja jibu. Mwaka ule aliumalizia kwenye duka la vitambaa, akikata mita za watu.

Msimu ulipozunguka, Kipimo aliipima ile tovuti kama mwenda wazimu. Aliiletea wageni wakorofi, wenye viwiko, wasiojua kupishana, na alimwita fundi kwa kila jambo dogo mpaka fundi akachoka naye. Akarudi nyumbani na furaha ya kwanza tangu mwaka uliopita.

"Mwanangu, safari hii nakuapia."

"Asante, baba," binti akasema, akiinama kufunga kamba za viatu. "Nitakwenda dirishani."

Akatoka na shangazi yake kabla hakujapambazuka, mvua ikinyesha. Asubuhi ile tovuti haikumkataa mtu hata mmoja.