Mhadhiri Nyuma ya Ramani

Mhadhiri wa historia katika chuo kimoja cha Kitale alikuwa na vidole vyekundu mwaka mzima, kwa kuwa kalamu yake ya kusahihishia ilivuja naye hakukubali kuitupa. Aliongea polepole, akigonga meza kwa kifuniko cha kalamu hiyo kila alipofika kwenye neno "ushahidi". Katika insha ya mwanafunzi wake Nabwile kuhusu vita vya Wabukusu na Waingereza, alizungushia duara maneno "bibi mmoja wa Kimilili alinisimulia", akaandika pembeni: Hayupo. Kisha akamfelisha, na kufeli huko kulimaanisha kurudia mwaka.

Nabwile alipokata rufaa, kifuniko kiligonga. "Ushahidi, Nabwile. Huyo bibi umemtunga. Mlete basi nimwone!" Alhamisi akamleta. Mhadhiri alimtupia bibi jicho mara moja tu, akaruka nyuma ya ramani ya Afrika iliyoning'inia kwenye stendi. Viatu vyake vikabaki vikionekana chini. "Nisamehe, mama," sauti ikatoka upande wa Kongo. Bibi naye alikuwa ameshajifunika uso kwa leso. "Ati huyu ndiye anasema siko?" akamwuliza Nabwile. "Si ndiye ameoa binti yangu! Na kwetu mkwe hatazamwi usoni." Nabwile akaisogeza insha karibu na ramani. "Mwalimu, bibi yupo ama hayupo?" Kisha vidole vyekundu vikachomoza kando ya Bahari ya Hindi, vikapapasa karatasi, vikakata neno moja na kuandika juu yake: Yupo. Alama sitini. Kifuniko hakikugonga.