Pikapu Ilipoacha Kelele

Mume wangu Uwesu ni fundi magari hapa Kongwa, na masikio yake yamekufa. Nasema wazi kwa sababu sasa kila mtu anajua. Kabla ya ile pikapu ya Mzee Elieza tulikuwa tunajua wawili tu, mimi na yeye, na yeye alikuwa hataki hata mimi nijue.

Ni Mrangi wa Busi, kama mimi. Ufundi alijifunza Dodoma mjini, kwenye gereji ya kunyoosha bodi, ujana wake wote akigonga mabati bila hata pamba masikioni. Tulipooana tukahamia huku. Akafungua gereji yake karibu na stendi, nami nikaweka meza ya chai na vitumbua pembeni. Sifa yake ilikuwa sikio. Ukileta gari hafungui kitu kwanza. Anakwambia washa, anainamisha kichwa, halafu anakutajia ugonjwa. Watu walikuwa wanamfuata hata kutoka Kibakwe kwa ajili hiyo. Sasa fundi wa namna hiyo akianza kutosikia, atamwambia nani? Wakijua, gereji inafungwa.

Mimi nilianza kushtukia nyumbani. Namwita chakula, kimya. Nikadhani ni kiburi, nikamnunia wiki nzima, na mwenzangu wala hakujua kama amenuniwa. Nilipogundua nikamwambia twende hospitali. Akasema ni nta tu. Nikamwambia, "Baba Nasra, mficha maradhi kifo humuumbua." Akajibu, "Masikio hayajaua mtu." Mbishi yule, usiombe.

Basi nikawa namsaidia kwa hila. Gari likiwashwa, napita mbele yake na birika kama nakusanya vikombe, namwambia kwa midomo, bila sauti, ninachosikia. Majina ya vyuma mimi siyajui. Namwambia inachemka kama uji, au inakohoa, au inafoka. Yeye anaelewa, anakwenda moja kwa moja penye ugonjwa, na wateja wanasifu sikio la Uwesu. Hakuwahi kuniomba nifanye hivyo, na hakuwahi kunishukuru. Tukifika nyumbani anakula, anaswali, analala, kama vile hakuna kilichotokea. Iliniudhi sana.

Ndipo akaja Mzee Elieza, mkulima wa mahindi, Mgogo mmoja wa maneno machache, na pikapu iliyomzidi umri binti yetu Nasra. Ilikuwa inalia kama kunde kavu kwenye sufuria. Nilinyanyua birika nipite, lakini Uwesu akaninyooshea kiganja nikae. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Naisikia," aliniambia alipokuja kunywa chai, macho yamemlowa. "Ni cheni ya taiming, ile ya ndani ya injini, imelegea. Naisikia vizuri kabisa, Mama Nasra. Masikio yanarudi." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kelele ile hata ng'ombe wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanaigeukia. Akaniambia kazi hii nisiisogelee, ataimaliza mwenyewe. Nikamwacha.

Na kweli alifanya kazi. Alitoa rejeta, feni, na puli ya mbele, akafungua mfuniko wa injini. Cheni ilikuwa inaning'inia, plastiki za kuishikilia zimesagika, na imeanza kuula mfuniko wenyewe. Aliosha kila kitu kwa petroli, akapanga alama za gia zikae sawasawa, akavalisha cheni mpya na kikazo chake cha kuizuia isilegee. Hakukimbilia kuwasha kwa ufunguo. Alichukua spana akaizungusha injini kwa mkono, polepole, akisikilizia kwa viganja kama kuna kinachogusana. Jino moja likikosewa, valvu zinapigana na pistoni, na injini imekwisha. Hiyo ni kazi ya mikono, na mikono yake haina ugonjwa wowote.

Siku ya kuwasha, Mzee Elieza alikuwepo. Walikuwepo na wengine wawili wakisubiri zamu: Lameck, dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, na Matonya na bajaji yake. Uwesu alisimama nje ya mlango wa pikapu, akapitisha mkono dirishani mpaka kwenye ufunguo. Boneti ilikuwa wazi, imemziba asione injini. Akapiga stata.

Ikawaka pale pale. Ikatulia, ikanguruma kwa upole, ile kelele haipo kabisa. Nilifurahi nikataka kupiga kigelegele. Kumbe mwenzangu amesimama anaisubiri ile kelele, kwa sababu ndiyo sauti pekee ya gari lile aliyokuwa anaifahamu. Aliposubiri asiisikie, akapiga stata tena juu ya injini inayonguruma. Chuma kikasaga chuma.

"Fundi, imewaka!" Mzee Elieza alipaza sauti. Uwesu akapiga tena. Nikakimbia nikamkamata kifundo cha mkono.

Alinitazama, akaenda mbele ya gari, akaiona feni inazunguka. Akakaa akiiangalia. Halafu akaniinamia sikioni aninong'oneze, na mtu asiyesikia hajui mnong'ono wake una ukubwa gani.

"Wamejua?"

Sauti ilifika mpaka kwa wauza matunda wa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyecheka. Nikamwitikia kwa kichwa. Niliumia, sisemi uongo, nilitamani ardhi inimeze mimi badala yake.

Mzee Elieza akaniuliza, "Tangu lini?"

"Muulize mwenyewe, si huyo mbele yako?" Hasira ilikuwa imenipanda.

Mzee akamgeukia, akauliza tena akimtazama usoni. Uwesu akasema ni mwaka wa pili huu.

"Sasa nitajuaje kama cheni yangu imekaa?"

"Mzee wangu," nikamwingilia, "wewe mwenye masikio, unaisikia ile kelele?"

Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Siisikii."

"Basi nenda nayo shambani."

Mzee akafunga boneti, akampa Uwesu mkono, akaondoka nayo. Lameck naye akaingia kwenye kirikuu chake, akaondoka bila kuaga, na mpaka leo hajarudi. Nilimsindikiza kwa msonyo. Uwesu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta tu, ilhali mikono imeshakauka.

Matonya alibaki. Aliisukuma bajaji mpaka kivulini, akasimama mbele ya Uwesu, akamwambia taratibu kwamba kwenye mlima haivuti. Kisha akaiwasha. Mimi nikanyanyua birika nipite kama kawaida yangu.

Uwesu akaniita kwa sauti ile ile kubwa, wauza matunda wote wakigeuka. "Mama Nasra. Weka birika chini. Njoo unisikilizie."