Siku Jua Lilipokuchwa Mara Mbili

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, ambayo jua lilikuchwa mara mbili, na mpaka leo sijui kuchwa kupi kulikuwa kwa kweli. Usinicheke. Umekuja na somo lako la fizikia kuniuliza wakati ni nini, basi kaa, unywe chai. Jibu sina, kisa ninacho. Na kwa kuwa kesho kutwa unaoa, kisa hicho kitakufaa kuliko hilo somo.

Ilikuwa miaka ile ya mamluki, wazungu wenye bunduki walioishika nchi. Nilikuwa mke mpya hapa Moroni, ndani ya nyumba hii hii aliyonijengea baba yangu. Desturi yetu unaijua: nyumba ni ya binti, mume huja na sanduku lake, na wakiachana ni yeye anayelibeba. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa fizikia, mpole wa sauti lakini mwepesi wa hasira. Mama yangu mdogo akalazwa hospitali ya Hombo, kule Mutsamudu, kisiwa kingine, nami nikataka kwenda kumwuguza. Babu yako aliogopa. Vizuizi vilijaa barabarani, na watu walikuwa wakichukuliwa. Basi badala ya kusema anaogopa, akasimama mlangoni, mbele ya dada zangu, akasema: "Alhamisi urudi. Ukichwewa Mutsamudu, umeachika."

Si utani huo, mwanangu. Talaka ukiitundika juu ya jambo, jambo likitokea, imeanguka. Ulimi hauna mfupa, lakini nyumba huvunja.

Alhamisi nilifika mapema kiwanja cha ndege cha Wani, jirani na Mutsamudu. Ndege ipo, rubani yupo, lakini mamluki wana masanduku yao ya kupakia, na nani wa kuwauliza? Alasiri ikaingia, ikapita. Nikawa naangalia kivuli cha mlingoti wa bendera kinavyorefuka. Nilimchukia babu yako siku ile, nisikufiche. Na nilimpenda, ndiyo maana nililia. Mwishowe tukapanda. Mlango unafungwa tu, nikasikia adhana ya magharibi. Nikachungulia dirishani: jua limezama baharini, hata ukingo wake hauonekani. Nikasema basi, nimeachika.

Ndege ikaruka, ikapinda juu ya Mutsamudu, ikazidi kupanda. Mara mwanga mwekundu ukanipiga usoni. Jua! Linachomoza, na linachomozea magharibi! Salaale! Kila aliyesoma chuo cha Kurani anajua jua likitoka magharibi maana yake nini: ni Kiyama, na mlango wa toba umefungwa. Bibi mmoja kando yangu akanishika mkono, akaanza kutoa shahada kwa sauti. Mzee wa kiti cha nyuma akawa anamwomba radhi mkewe, na mkewe hayumo. Hata mamluki aliyekaa mbele aligeuka kututazama, hajui tunalilia nini. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, kama jua limerudi, basi sijaachika! Halafu likazama tena, tuko katikati ya bahari, na Kiyama hakikuja.

Nilimkuta babu yako kibarazani, sanduku lake limekwisha kufungwa. Nikamweleza. Akaruka kwa furaha. "Jua halikwenda popote! Dunia ndiyo inayozunguka. Wakati tunaupima kwa mwendo, mwendo wa dunia, mwendo wa mshale wa saa. Wewe ulipanda juu, ukaona mbali kuliko mwadhini. Magharibi yake siyo magharibi yako."

"Basi nilichwewa, sikuchwewa?"

Akaniuliza: "Kwa nani?"

"Kwangu mimi, bwana we! Si mimi niliyeachwa?"

Mwalimu wa fizikia akakaa juu ya sanduku lake, kichwa mikononi. Usiku ule alilala kwa kaka yake.

Asubuhi tulikwenda Ikoni kwa shehe aliyetuozesha, kila mtu na teksi yake, maana hatukujua kama ni halali kukaa kiti kimoja. Shehe akasikiliza. Akataka nirudie.

"Wallahi sijui," akasema. Kisha akamgeukia babu yako. "Wewe unawafundisha watoto kwamba hakuna kinachosimama, kisha unamtundika mkeo juu ya jua? Ungemtundika kwenye msumari ingekuwa afadhali, msumari hautembei. Mrejee sasa hivi. Kama talaka ilianguka, umemrudisha. Kama haikuanguka, umesema neno jema, halikudhuru."

"Nimekurejea," akasema babu yako, na machozi yakamtoka. Nilikuwa sijapata kumwona akilia. Alipojifuta akauliza: "Shehe, katika zile talaka tatu za mume, nimebakiwa na ngapi? Mbili au tatu?"

"Hesabu mbili," akasema shehe, "na uishi kama mtu asiye na hata moja."

Ndivyo alivyoishi. Nikichelewa sokoni, namkuta kibarazani, uso umemsawijika, naye huniuliza tu, "Umekula?" Siku zake za mwisho nilimwinamia kitandani, nikamwuliza tena kama siku ile nilichwewa. Akatabasamu. "Kwa nani?" akasema.

Basi, mwanangu, wakati sijaujua. Nikisema ni jua, jua nililiona likirudi. Nikisema ni mwendo, mbona nimekaa tuli kwenye kibaraza hiki na bado nimezeeka? Umeninasa, kawaulize walimu wako. Ninachokijua ni hiki: wakati hakuna aliyeushika, basi usimfungie mtu humo. Mkeo akichelewa, mngoje. Na hofu yako iite hofu, usiivishe ukali. Babu yako angesema "naogopa, mke wangu," ningerudi Jumatano.

Nenda kaoe. Sanduku lile lile nakupa, li tupu chini ya kitanda changu. Mwenyezi Mungu akujaalie uingie nalo nyumbani kwa mkeo, ulifungue, na usilifunge tena mpaka atakapokuita Yeye. Amin.