Tuliingia Winguni wanane, wakaitika tisa

Wakuu, heshima zenu. Wenye umri wa kuamkiwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Nimesoma visa vya watu humu miaka mingi bila kuandika changu. Leo naandika, na sitaongeza chumvi. Wapo humu waliokuwepo siku ile, nikikosea wanisahihishe.

Ni kisa cha gemu. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, mzee wa miaka arobaini na nne na gemu. Cheka tu, ila soma hadi chini.

Mimi ni mzaliwa wa Itetemia, hapa Tabora. Nilimaliza form four, matokeo hayakunipeleka popote, nikaanza kuzunguka. Kahama kwenye machimbo, Mpanda kwenye mbao, Kigoma kwenye dagaa, kisha nikarudi na treni nikiwa na begi lile lile nililoondoka nalo. Sasa nimepanga chumba Chemchem, natengeneza kompyuta za watu wa stationery. Miguu bado inawasha, magoti ndiyo yamekataa.

Ndiyo maana lile gemu lilinishika.

Kwa msiojua, ni gemu la zamani la vyombo vya angani ambalo wachezaji wenyewe walilifumua wakalishona upya. Hiyo ndiyo inaitwa modi. Mnaingia wengi kwenye seva moja, kila mtu na chombo chake, mnaongea kwa maiki. Mgeni alianzia pembezoni kabisa, na mji ulikuwa katikati. Hakuna ramani, hakuna mshale wa kukuelekeza.

Mimi ilinichukua wiki tatu kufika mjini. Kila siku saa moja au mbili baada ya kazi, giza mbele, giza nyuma, nikiomba mafuta yasiishe.

Na sheria ilikuwa moja. Ukifa, umekufa. Jina lako linafutwa, hulipati tena, unaanza pembezoni kwa jina jingine.

Niliogopa wiki zote tatu. Siku nilipoziona taa za mji nilisimama kutoka kwenye kiti, nikawa natembea tu chumbani.

Baadaye nikawa kirangozi. Neno nimelitoa kwa babu. Babu yake yeye alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, na kirangozi ndiye aliyetangulia msafara. Mimi niliwatangulia wageni kutoka pembezoni hadi mjini. Njia fupi ilipita ndani ya Wingu.

Wingu lilikuwa eneo ambalo vipimo vyote vinazima. Humwoni mwenzako mpaka awe puani kwako na taa zinawaka. Kuandika meseji hakuwezekani. Sauti inawafikia walio karibu tu, mkiachana kidogo inafifia kama mtu anaongea ndani ya debe. Unapita kwa kukumbuka. Hesabu mia mbili, pinda kushoto, hesabu themanini, shuka.

Ili tusipotezane, kila baada ya kona nasema "Hesabu," na kila mtu anaitika "Nipo," kuanzia mbele hadi nyuma. Nyuma kabisa alikaa Shija, mfugaji wa Choma kule Igunga, rafiki yangu wa kwanza mle ndani.

Siku hiyo tulikuwa wanane. Saa tisa alasiri, jua la mwezi wa kumi, bati linalia juu ya kichwa changu.

"Hesabu."

Nikaanza mimi, wakafuata sita, Shija akafunga: "Nipo, na njaa pia. Kirangozi unatupitisha wapi, hata ng'ombe wangu wangegoma."

Watu wakacheka.

Halafu, kwa mbali sana, "Nipo."

Kicheko kikakatika. Nikasema, "Nani anarudia? Tusitaniane huku."

"Shija, ni wewe?"

"Siyo mimi, kaka." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Imetoka nyuma yangu. Na nyuma yangu hakuna mtu."

Nikahesabisha tena. Wanane. Na baada ya Shija, kile kisauti. "Nipo."

Hapa niwaeleze kitu. Babu alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba msafara ulihesabiwa kila kituo. Watu wakipungua inajulikana kuna aliyeanguka njiani, wanamlilia na kuendelea. Lakini wakizidi, hata kwa mmoja, hawalali pale. Wanabeba mizigo, moto wanauacha unawaka, wanaondoka. Aliyezidi si mwenzao. Tukimuuliza babu ni nani basi, anatuambia tumalize kula.

Mimi mtu mzima, mchana kweupe, muuza maji anapita dirishani na baiskeli yake, na nywele za shingo zimesimama. Nikatoa amri ambayo mpaka leo naisikia.

"Zimeni taa. Msimjibu. Nifuateni mbio."

Tukakimbia. Ile sauti iliitika mara mbili zaidi bila kuhesabishwa, ya pili ikiwa mbali kuliko ya kwanza. Tulipotokea upande wa pili tulikuwa wanane. Shija akasema leo analala chumba kimoja na mama yake. Hakuna aliyecheka.

Habari ikaenea seva nzima. Wakampa jina, Mtu wa Tisa.

Sasa kosa langu. Nilikuwa narekodi. Aliyeitengeneza modi alishajiondoa, na seva ilikuwa mikononi mwa kijana tunayemwita Gavana. Akaniomba ile rekodi pamoja na njia yote. "Mkuu wewe ni hazina," akaniambia, "jina lako nitaliweka ukurasa wa mbele." Nikaandika kona zote na hesabu zote, kitu ambacho kirangozi hafanyi, nikampa. Nilitaka jina langu lionekane. Huo ndio ukweli.

Miezi michache baadaye yakaja malango. Unaingia lango la pembezoni, unatokea mjini, sekunde tano. Ramani ikawashwa yote, kila nyota na jina lake, majina mengine yameokotwa kwenye sinema. Vyombo navyo vikaigwa kutoka gemu nyingine, vile vile unavyoviona kila mahali. Vilipata nguvu kutoka kwenye malango, kwa hiyo ukitoka nje ya ramani vinazima. Kufa nako kukawa mchezo, unarudi baada ya dakika moja na jina lako.

Mtu wa Tisa akageuzwa tamasha. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, muziki, moshi wa zambarau, na ile sauti ya rekodi yangu inasema "Nipo." Anayeifikia kwanza anapewa rangi mpya ya chombo. Watu walipanga foleni kupiga nayo picha.

Shija akauza kompyuta yake. Aliniambia, "Kaka, zamani niliogopa kuingia. Sasa naogopa kusinzia."

Mimi nikabaki, na chombo changu cha zamani. Sikumjua mwingine aliyekataa kubadilisha. Walipojenga ramani walichukua ile njia niliyowapa tu, pembeni yake hawakugusa. Kwa hiyo nyuma ya lango la mwisho kulikuwa na kipande cha Wingu kama kilivyokuwa.

Jumanne moja nikaingia humo. Nikapinda kona mbili. Kwa mazoea nikajihesabu mwenyewe. "Hesabu. Nipo."

"Nipo."

Haikuwa Jumamosi. Na haikuwa ile rekodi, ile naijua kila mkwaruzo wake. Hii ilikuwa nzito, imechoka, na nyuma yake kulikuwa na mlio, kre-kre-kre, kama chuma kinasagwa.

Wakuu, nilichomoa waya ukutani.

Kesho yake nikaenda Itetemia kwa dada yangu, nisikae peke yangu. Dada anafuga kanga, wale ndege wa madoadoa. Nimekaa barazani na kikombe cha uji, mbwa akapita uani, kanga wakaanza. Kre-kre-kre.

Kikombe kikanitoka mkononi.

"We vipi, umeona nyoka?"

"Dada, mzimu unaweza kufuga kanga?"

Akaniangalia. "Ulikunywa nini kabla ya uji wangu?"

Hapo ndipo woga wa kweli uliponiingia, mbaya kuliko ule wa kwanza. Nyuma ya Shija hakukuwa na mzimu. Kulikuwa na mtu. Mgeni aliyetufuata, akasikia wenzake wanaitika, naye akaitika. Nami nikaamuru taa zizimwe. Na ilikuwa imepita zaidi ya mwaka.

Nikamwandikia Gavana. Akajibu, "Mkuu hiyo ni hitilafu ya sauti tu. Hata hivyo Jumapili hii tunafuta maeneo yote ya nje ya ramani, seva iwe nyepesi."

"Na aliyeko huko nje?"

"Chombo na jina vinafutika. Ila hakuna aliyeko huko. Angalia ramani."

Nikampigia simu Shija, nikamweleza yote. Akaswaga ng'ombe wake kwanza, nawasikia. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi sikuwa wa mwisho."

Jumamosi saa nane mchana nikawasha kompyuta. Tenki langu lilitosha chombo kimoja kuingia na kutoka. Niliogopa nisimkute. Niliogopa pia nimkute na asiwe mtu. Cheka, lakini hayo mambo ya babu hayaishi kwa kujua kanga wanaliaje.

"Hesabu. Nipo."

Kimya. Kona ya pili, kimya. Ya tatu, ya nne. Sindano ya mafuta inashuka.

Kona ya tano. "Nipo."

"Sema jina lako."

Sauti ikaja vipande vipande. "...Mama Doto... Nzega... mtandao..." Nikasogea kidogo kidogo, nikifuata kanga kuliko maneno. Nikawasha taa zote.

Kilikuwa chombo kidogo cha mgeni, na rangi yake ya siku ya kwanza.

"Shikamoo," akasema. Kwa ile "Hesabu" alijua mimi ndiye kirangozi.

"Marahaba, mama. Uko huku tangu lini?"

Ana stationery Nzega, kompyuta moja, na mdogo wake ndiye aliyemwekea gemu. Siku ile aliona msafara wetu, akaona haya kujitambulisha, akajiunga nyuma. Tulipokimbia alitutafuta hadi mafuta yakaisha. Maiki mbovu, bando dogo, kwa mbali neno fupi tu ndilo lililopita. Group letu la simu hakujua kama lipo. Basi wateja wakipungua anaingia, anasikiliza, anatoka.

"Mliponisikia mlinyamaza," akasema. "Nikajua mmesikia. Nikadhani hamnitaki."

Nikamuuliza kwa nini hakuanza upya kwa jina jingine.

"Msafara ungepita tena ungenikosa."

Sikuweza kumwambia pale pale kwamba misafara iliisha, na kwamba mimi ndiye niliyeitoa njia. Nilimwambia, "Tulikuogopa, mama. Nisamehe."

"Mimi?" Akacheka hadi kanga wakaanza tena. "Watu wanane mnaniogopa mimi?"

Nikamhamishia mafuta yote. Aliuliza yangu yako wapi, nikamwambia ninayo akiba. Sikuwa nayo. Nikampa namba yangu ya simu, nikamweleza njia ya mjini, siyo ya lango, ile ya zamani. Kila kona aseme nipo, nami nitamwitikia.

Akaondoka. "Nipo," akasema kona ya kwanza. "Nipo," nikajibu. Kona ya pili. Ya tatu ikafifia. Ya nne niliisikia kwa sababu nilikuwa naisubiri. Ya tano niliitika tu, sijui kama ilimfika.

Nikakaa pale gizani kama nusu saa. Kisha nikazima taa za chombo, nikazima kompyuta. Jina langu la miaka kumi lilifutika kesho yake pamoja na Wingu. Sijaingia tena na siingii.

Saa kumi na mbili jioni hiyo hiyo simu ikatoa mlio. Meseji kutoka Nzega:

"Nimeziona taa za mji. Nimeshindwa kukaa, nimesimama."

Nilichojifunza, wakuu, ni kimoja. Mkihesabiana njiani mkazidi, ulizeni jina kwanza, kukimbia baadaye. Haya mengine ya ramani na malango tunaweza kubishana hapo chini. Na kama kuna aliyewahi kuachwa na msafara wa Kirangozi, popote pale, ajitokeze aniseme.

Nipo.