Barua Iliyosomwa Msibani Samuye

Siku ile ya msiba wa jirani yetu naikumbuka kwa harufu ya sabuni ya kipande, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa umezaliwa na dada yangu, maana kwetu ndivyo ilivyo. Ulikuwa mwaka ule korona ilipoingia, shule zikafungwa, na kila penye duka kukawekwa ndoo yenye koki. Mimi nilikuwa kijana aliyeishia darasa la saba, nachunga ng'ombe wa bibi hapa Samuye, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko mimi. Wakinisalimia watu watatu, nilimjibu mmoja.

Serikali ilikuwa imetoa maagizo. Yalitoka juu, yakashuka mkoani, wilayani, katani, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, yote kwenye karatasi moja. Mtendaji alinikuta msibani nikiweka ndoo ya kunawia.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Wasomee kabla ya kuzika, kisha uwaeleze kwa Kisukuma. Wazee wengi hapa Kiswahili chao ni cha mnadani tu."

Akaondoka, maana alikuwa na kijiji kizima cha kuzungukia. Nikasimama, nikaisoma karatasi kwa Kiswahili, mbio mbio, macho chini. Watu wasishikane mikono. Wanawe kwa sabuni. Mwenye homa na kikohozi awahi zahanati. Nilipoinua macho, wazee wote walikuwa wananitazama. Kisukuma, lugha niliyonyonya nayo, kikanikauka mdomoni. Nikaketi.

"Mjukuu, umesoma kama redio inayoishiwa betri!" mzee mmoja akanitania kwa Kisukuma. Watu wakacheka kidogo.

"Kwani serikali imesemaje?" jirani yake akamuuliza.

"Imesema vizuri."

Basi wakapanga mstari kuwapa wafiwa pole, mkono kwa mkono, kama ilivyo desturi. Bibi yangu alikuwa wa tatu. Nilimwona, nikanyamaza. Siku ile nilinawa peke yangu.

Wiki ya pili bibi akaanza kukohoa. Sijui ugonjwa aliupata wapi, hakuna aliyempima. Alishinda ameegemea ukuta, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, nami nikimnywesha uji wa mtama kwa kijiko. Nilidhani tunampoteza. Ndipo nilipomtafsiria ile karatasi yote, huku nalia.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "karatasi imetoka mbali kote huko, ikafika. Wewe ndiye hukufika." Akapumzika kwanza. "Mjumbe hauawi. Lakini mjumbe akinyamaza, anaweza kuua."

Hakunigombeza zaidi. Aliomba michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, tukatafuna pamoja. Hata leo nikisikia harufu ya michembe ikichemka, ni kama bibi yuko jikoni.

Alipona, ila pumzi haikurudi yote. Zile nyimbo alizoimba akitwanga zikawa fupi.

Chanjo ilipoletwa baadaye, kila mtu alikuwa na uvumi wake wa kuogofya. Mtendaji akaja mnadani na karatasi nyingine, akitafuta msomaji. Nilisogea mwenyewe, nikaipokea, aibu yangu ikiwa palepale. Nilieleza kwa Kisukuma, polepole, mstari kwa mstari, na swali lililonishinda nikampa muuguzi aliyekuja na chanjo.

"Leo katia betri mpya!" akapiga kelele yule mzee mtani.

Bibi akakunja mkono wa gauni, akawa wa kwanza kabisa kuketi kwenye kiti cha kuchanjwa.

"Sasa serikali imefika," akasema.

Leo bibi amelala kaburini kule nyuma ya zizi, na wewe umeanza kusoma. Mimi si mzee bado, lakini nasaha hii ni ya mzee, nakukabidhi. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, lakini la mkuu lisipofikishwa, guu likivunjika tumlaumu nani? Serikali huandika, ila hapa Samuye haina mdomo. Itaazima wako. Siku hiyo usikubali kuambiwa "tumesikia". Muulize mtu amesikia nini. Na aibu usingoje iishe, mwanangu, yangu ninayo mpaka leo. Tetemeka, lakini maliza kusema.

Mungu aubariki ulimi wako, awape uzima watakaokusikiliza. Na kila utakaponawa, usinawe peke yako.